Mruko Ulioshushwa

Kazuya Mishima wa gemu ya mapigano ya Tekken 2 akiruka, hupaa juu kabisa ya kichwa cha mpinzani, huning'inia hewani, kisha hushuka kwa wakati wake. Mwanawe Jin, katika Tekken 3, haendi juu hivyo. Huinuka kiasi cha mtu mwenye nguvu, na ardhi humdai upesi. Mafundi wa kampuni ya Namco walitoa gemu hiyo mwaka 1997 kwenye mashine za kumbi za michezo, na mwaka 1998 ikaingia PlayStation. Wengi walisifu sura mpya na mateke ya kapoeira ya Eddy Gordo. Mimi nausifu mruko ulioshushwa.

Zamani kuruka kulikuwa jibu la karibu kila swali. Ukitupiwa ngwala, unaruka, ukibanwa, unaruka. Mruko ulipopunguzwa, jibu hilo lilikufa, na mafundi wakaweka jingine mahali pake: karibu kila mpiganaji akapewa hatua ya pembeni, kuelekea kwa mtazamaji au kumkimbia. Uwanja ukapata upana. Uamuzi mmoja juu ya uzito wa mwili ukabadilisha namna ya kuogopa, ya kuvizia na ya kuthubutu.

Sisi wa Ngao, kando ya mto Tana, tuna pa kuanzia kulielewa hili. Mtumbwi wa Kipokomo huchongwa kwa gogo moja, na hakuna miwili inayokaa sawa majini. Mpiga kafi aliyehamia mtumbwi mgeni, kabla hajafika katikati ya Tana, magoti yake yamekwisha kujua kuwa mambo si yale. Ndivyo dole gumba linavyojua kwenye pedi. Vijana kwenye vibanda vya gemu hawataji fizikia. Husema tu hii nzito, ile inaelea, nao wako sahihi.

Na vipimo vyenyewe ni vidogo ajabu. Tekken huonyesha picha 60 kwa sekunde, na ngumi nyepesi ya haraka hufika kwa picha 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Mwili uliorushwa juu ukianguka mapema kwa picha mbili au tatu tu, pigo lililozoea kuudaka linapita patupu. Mazoezi ya miaka yamo ndani ya mwanya huo, na fundi anayeandaa toleo jipya hana budi kuugusa akijua anagusa mikono ya watu asiowaona. Kazi hiyo inahitaji ujasiri na huruma kwa pamoja.

Ujasiri ulizidi katika Tekken 4, mwaka 2001. Viwanja vikapata kuta, na sakafu ikapanda na kushuka. Mpinzani akirushwa juu ya mteremko, kimo chake mbele ya ngumi yako hakiwi kile cha tambarare, basi mfululizo wa mapigo uliokuwa ukiukamilisha ukiwa umefumba macho unakatika njiani. Wachezaji wengi hawakuipenda. Mimi naiheshimu, maana ilitaka ardhi nayo ipigane, lakini naamini mafundi walipoisawazisha sakafu katika Tekken 5 walifanya haki. Anayejifunza anahitaji kitu kimoja kisichoyumba. Kuta zilibaki, na vizuri zilibaki: ukuta unaonekana, unaweza kuupanga katika hesabu yako.

Baadaye wakarudi kwenye namna ya kuanguka. Tekken 6 iliruhusu aliye hewani abamizwe sakafuni, adunde, apigwe tena. Tekken 7 ikabadilisha: aliyepigwa huzunguka kiubavu angani akisogea mbali, na anayempiga hulazimika kumkimbilia. Pigo lile lile la kuongeza, lakini sasa lina miguu ndani yake. Katika gemu hiyo ndipo Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kama QueenArrow, alipojipatia jina, akasajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018.

Toleo jipya likifika, mwangalie mchezaji mzoefu. Hapigani kwanza. Huenda chumba cha mazoezi, anaruka palepale, anarudi nyuma, anamrusha mpinzani asiyejitetea na kumwacha aanguke bila kumgusa, tena na tena, akisikiliza kwa vidole vyake mafundi wameamua nini safari hii.