Al-Hidaya Mikononi mwa Makarani wa Waingereza



Husemwa sana katika darsa na mimbarini kwamba Waingereza waliifuta Sharia kila walipotawala. Kauli hii ina ukweli, lakini ni ukweli wa haraka. Katika Bengal, ambako utawala wao juu ya Waislamu wa India ulishika mizizi, hawakuanza kwa kufuta. Walianza kwa kuwalipa mishahara makadhi na mamufti, na kwa kuagiza kitabu cha fiqhi kifasiriwe. Sisi tunaona kwamba madhara makubwa zaidi yalipitia mlango huo wa heshima, na kitabu chenyewe ni shahidi.

Kitabu hicho ni al-Hidaya cha Imamu Burhanuddin al-Marghinani, aliyefariki mwaka 593 Hijria (1197). Kwa Mahanafi cheo chake ni kama cheo cha Minhaj ya Imamu Nawawi kwetu sisi Mashafii. Mwaka 1772 Warren Hastings, gavana wa Bengal kwa niaba ya Kampuni ya India ya Mashariki, alipanga kwamba katika mashauri ya mirathi, ndoa na mambo mengine ya dini Waislamu wahukumiwe kwa sheria ya Qur'ani na Wahindu kwa vitabu vyao. Majaji wa Kampuni hawakuwa watu wa Kiarabu, kwa hiyo wakawekewa maulamaa wa kuwatolea fat'wa. Kisha, ili wasiwategemee maulamaa hao mno, al-Hidaya ikafasiriwa kwa Kifarsi na mamaulavi, na Charles Hamilton, afisa wa jeshi la Kampuni, akaitoa katika Kifarsi akaitia katika Kiingereza. Ilichapwa London mwaka 1791 kwa mijalada minne.

Tuwe waadilifu. Kuifasiri al-Hidaya si mchezo, na bwana yule alifanya bidii ambayo wengi wetu wenye Kiarabu hatujaifanya kwa Kiswahili. Hatumlaumu kwa kutokuwa mwanachuoni. Lawama yetu ni juu ya kile ambacho watawala walikifanya kitabu hicho kiwe.

Kwanza, ni tafsiri ya tafsiri. Mamaulavi walitia maelezo ya sharhi ndani ya maneno ya mwandishi, na msomaji wa Kiingereza hana njia ya kujua al-Marghinani ameishia wapi na msherehesha ameanzia wapi. Pili, milango ya Twahara, Sala, Saumu na Hija iliachwa, kwa kuwa haikuwa na faida mahakamani. Hili wengi hulipita haraka, nasi twaliona zito. Fiqhi iliyokatwa ibada imegeuka sheria ya mali na talaka tu. Hakimu aliyeijua Sharia kwa kitabu hicho aliijua bila ya sijda.

Tatu, na hili ndilo la wanafunzi. Al-Marghinani hutaja kauli ya Abu Hanifa, kisha ya Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, na dalili za kila mmoja. Mazoea yake ni kuichelewesha dalili ya kauli anayoipa nguvu, ije mwisho ili iwe jawabu ya zilizotangulia. Mwanafunzi hulipokea jambo hili kwa sheikh wake akiwa amepiga magoti mbele yake. Jaji aliyeketi peke yake na mjalada, bila ya sheikh, aliona mbele yake kauli tatu tu, na akaona ana ruhusa ya kuchagua.

Na walichagua. Mwaka 1790 Lord Cornwallis aliagiza kwamba katika kesi za mauaji ifuatwe kauli ya Masahibu wawili, Abu Yusuf na Muhammad, badala ya kauli ya Abu Hanifa ambaye hutazama silaha iliyotumika. Hapa mtu atasema: vibaya viko wapi? Mamufti wa Kihanafi wenyewe hutoa fat'wa kwa kauli ya Masahibu wawili katika masuala mengi. Ni kweli, na lau wangeishia hapo tungenyamaza. Lakini utawala huo huo uliondoa haki ya warithi wa aliyeuawa kusamehe, haki iliyothibiti kwa nassi ya Qur'ani katika Suratul Baqara. Mufti hakuondolewa. Aliachwa pale pale, akaulizwa: lau warithi wangedai kisasi, hukumu ingekuwa ipi? Akijibu, mtu hunyongwa kwa fat'wa yake. Hebu msomaji alitafakari swali hilo. Mufti anaombwa aseme hukumu ya jambo ambalo halikutokea, ili itekelezwe juu ya jambo lililotokea. Kuchagua kauli ndani ya madhehebu na kuifuta nassi vilivishwa kanzu moja, na aliyevishwa ni mwanachuoni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa daftari. Kanuni ya mwaka 1832 iliwaruhusu wasiokuwa Waislamu wasihukumiwe kwa sheria ya jinai ya Kiislamu. Sheria ya mwaka 1837 ilifungua njia ya kukiondoa Kifarsi mahakamani. Kanuni mpya ya adhabu ilipitishwa mwaka 1860, ikaanza kazi mwaka 1862. Mwaka 1864 vyeo vya makadhi na mamufti wa mahakama vikafutwa, kwa hoja kwamba majaji sasa wanaijua sheria ya Waislamu wenyewe. Waliijua wapi? Kwa Hamilton, kwa Macnaghten aliyeandika mwaka 1825, na kwa mkusanyo wa Baillie wa mwaka 1865. Kitabu kikachukua kiti cha mtu. Waislamu walipolalamika kwamba hawana wa kuwaozesha, ikatungwa sheria ya mwaka 1880 ya kuwateua makadhi, na ndani yake ikaandikwa wazi kwamba kadhi huyo hana mamlaka ya kuhukumu.

Matunda yakaonekana London, katika Baraza la Faragha la Malkia lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa. Mwaka 1894, katika kesi ya Abul Fata, Lord Hobhouse na wenzake walibatilisha wakfu uliowekwa kwa ajili ya kizazi cha familia na mwisho wake masikini. Waliona fungu la masikini lilikuwa mbali mno, na kwamba haielekei Mtume (S.A.W.) asifu utoaji unaobaki nyumbani. Jaji Syed Ameer Ali alikwisha kutetea wakfu wa namna hii kwa Hadithi na kauli za mafakihi katika mahakama ya Calcutta, hazikuwatosha. Hali ya kuwa wakfu wa Umar (R.A.) wa Khaybar uliwataja jamaa wa karibu, na Abu Talha (R.A.) alielekezwa na Mtume mwenyewe aigawe bustani yake kwa jamaa zake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1897, Baraza hilo hilo lilikataa dai la mjane la masurufu ya mwaka mmoja kwa aya ya 240 ya Suratul Baqara. Hukumu yenyewe yaafikiana na jumhuri, ambao husema aya hiyo imefutwa. Lakini tazama sababu waliyoitoa: haifai mahakama kuifasiri Qur'ani kinyume na wafasiri wakubwa wa kale, na al-Hidaya ilikuwa miongoni mwa vitabu walivyovitegemea. Basi mwaka 1894 walijipa ijtihadi juu ya muradi wa Mtume dhidi ya mafakihi, na mwaka 1897 wakaufunga mlango wa ijtihadi kwa kila jaji mwingine. Hii si taqlidi wala si ijtihadi. Ni uamuzi wa mwenye ufunguo.

India walitoka katika kifungo cha kwanza. Kwa juhudi za Muhammad Ali Jinnah ilipitishwa sheria ya mwaka 1913 ya kuhalalisha wakfu wa familia, na mwaka 1930 ikafanywa iguse hata wakfu za kabla yake. Ama pwani yetu, mwaka 1952 Baraza hilo lilitoa hukumu katika kesi ya wakfu iliyotoka Kenya, ya ukoo wa Bakhshuwen, na likaifuata ile ya 1894. Wakfu wa Mashafii wa Afrika Mashariki ukabatilishwa kwa hukumu iliyotolewa juu ya Mahanafi wa Bengal, ambayo Bengal kwenyewe ilikwisha kuondolewa miaka 39 nyuma. Na Minhaj yetu iliyosomwa katika mahakama hizo za kikoloni ilikuwa ya Kiingereza ya Howard ya mwaka 1914, iliyotolewa katika Kifaransa cha van den Berg, Mholanzi aliyeichapisha Batavia kuanzia mwaka 1882.