Kupanuka si Kuinuka: Uhakiki wa Usomaji wa Takwimu za Ardhi na Usawa wa Bahari nchini Tuvalu

Mwaka 2018, Paul Kench, Murray Ford na Susan Owen walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti uliolinganisha picha za visiwa 101 vya Tuvalu, nchi ya visiwa vya matumbawe katika Bahari ya Pasifiki, kati ya mwaka 1971 na 2014. Matokeo yalionesha kuwa jumla ya ardhi iliongezeka kwa hekta 73.5, sawa na asilimia 2.9, ilhali usawa wa bahari ulikuwa ukipanda kwa takriban milimita 3.9 kwa mwaka. Takwimu hizo zimesomwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaozitumia kudai kuwa bahari haipandi, na wapo wanaozikwepa wakihofia kuwa zinadhoofisha madai ya wanavisiwa. Sehemu hii inatetea hoja kuwa pande zote mbili zina kosa moja: kuchukulia kipimo cha eneo kuwa ni kipimo cha kimo.

Usomaji wa kwanza unaangushwa na utafiti wenyewe. Kwa kasi iliyotajwa, miaka 43 ni takriban sentimita 17 za maji. Watafiti hao hawakukanusha kupanda kwa bahari. Walichoonesha ni kuwa kisiwa cha aina hii si jiwe linalozama. Ni rundo la mchanga na kifusi cha matumbawe ambalo mawimbi hulimega upande mmoja na kulijaza upande mwingine. Huo ni mchango mkubwa, na anayeukwepa hawatendei haki wanavisiwa anaodhani anawatetea.

Hata hivyo, ni lazima kuuliza ni nini hasa kilichopimwa. Picha inayopigwa kutoka juu huonesha upana wa ardhi. Kimo chake hakisomeki humo. Aidha, jumla huficha mgawanyo. Karibu robo tatu ya visiwa vilipanuka, na zaidi ya robo vilipungua. Katika nchi ambamo ardhi humilikiwa kifamilia, hekta iliyoongezeka katika kisiwa kimoja haimfidii mtu ambaye shamba lake limemong'onyoka katika kisiwa kingine.

Mwaka wa kuanzia nao unahitaji kuangaliwa. Mnamo Oktoba 1972, Kimbunga Bebe kilirundika ukuta wa kifusi cha matumbawe wenye urefu wa kilometa zipatazo 19 kwenye mwamba wa Funafuti. Picha za mwaka 1971 zilitangulia tukio hilo. Kwa hiyo, katika Funafuti, kulinganisha mwanzo na mwisho pekee hakutoshi kutenganisha athari ya dhoruba moja na mwitiko wa ardhi kwa bahari inayopanda. Hoja hii haibatilishi matokeo ya nchi nzima, kwani ardhi iliongezeka katika makundi manane kati ya tisa ya visiwa hivyo. Inaweka tu mipaka ya kile kinachoweza kudaiwa.

Lugha ya Kiswahili inaweza kuuondoa mkanganyiko huu au kuuzidisha. Tukiandika kuwa kisiwa "kimekua", msomaji huelewa kuwa kimerefuka na kupata nguvu, kama mtoto akuavyo. Inafaa kusema kimepanuka, na kuliacha neno kuinuka kwa ajili ya kimo. Vivyo hivyo, "kina cha bahari", istilahi iliyozoeleka, humaanisha umbali kutoka uso wa maji hadi chini, ilhali kipimo cha maji bandarini husoma kimo cha maji kwa kulinganisha na ardhi kilipofungwa. Ardhi hiyo ikititia, kipimo kitaonesha bahari imepanda hata kama maji hayakuongezeka. Ndiyo maana kazi hii inatumia "usawa wa bahari".

Tofauti hizi zina uzito katika maisha ya watu. Huko Funafuti, wakati wa bamvu kubwa, maji ya chumvi huchimbuka kutoka ardhini kupitia matumbawe yenye vitundu, na mashimo ya pulaka, zao la jamii ya magimbi, huharibiwa na chumvi. Kisiwa kinaweza kupanuka na bado kikapoteza chakula chake. Mnamo Novemba 2023, Tuvalu na Australia zilitia saini mkataba wa Falepili, unaowaruhusu hadi watu 280 kwa mwaka kuhamia Australia, kutoka taifa la watu wapatao 11,000. Familia inayopima kubaki au kuondoka inastahili takwimu zinazojibu swali lake, nalo si swali la eneo pekee.

Kwa msingi huo, kila takwimu ya ardhi na bahari itakayochambuliwa katika sura zinazofuata itaulizwa maswali matatu: imepima nini, ikilinganishwa na nini, na kuanzia lini.