Kisoda kwa Kisoda: Mwaridi Unavyolishwa Kibaha na Kisarawe

Miwaridi mingi inayokufa Kibaha haifi kwa kukosa mbolea. Inakufa mbolea ikiwa imeshawekwa, tena ya kutosha, ila imeteremka na maji hadi kule mizizi isikofika. Mwenye bustani anaona majani yamegeuka manjano, anaongeza konzi nyingine ya urea, mvua inanyesha, na hiyo nayo inapita. Baada ya misimu miwili ya namna hiyo mti umebaki vijiti na miiba, na mwenyewe anakata shauri kwamba waridi ni ua la Arusha na Lushoto, Pwani haliwezekani.

Linawezekana sana. Nimefuatilia bustani mbili, moja Maili Moja, Kibaha, ya mwalimu mstaafu, na nyingine Kisarawe, kwenye miinuko inayopakana na vilima vya Pugu, ya mzee aliyewahi kuwa fundi seremala. Zote zina miwaridi ya miaka mingi, inayochanua karibu mwaka mzima. Hawa wawili hawajuani, na udongo wao haufanani hata kidogo, lakini utaratibu wao wa kulisha ni kama wameusoma darasa moja.

Udongo ndio unaoamua kila kitu, basi na tuuangalie vizuri. Kibaha, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya Morogoro, sehemu kubwa imekaa juu ya mchanga. Mkorosho na muhogo huuvumilia mchanga huo. Mwaridi hauuvumilii, kwa kuwa ni mlaji mkubwa na mchanga hauna pa kuwekea akiba. Nitrojeni ya urea au ya CAN ikishageuka kuwa naitreti husafiri na maji. Potasiamu na magneziamu hufuata nyuma taratibu. Ukanda huu hupata mvua inayokaribia milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kati ya Machi na Mei. Mvua moja ya nguvu ya masika inatosha kuosha chakula cha mwezi mzima.

Kisarawe mambo yanaonekana kinyume. Kwenye baadhi ya vilima vile ukichimba unakutana na mfinyanzi, mweupe au wenye wekundu, unaong'ang'ania jembe. Watu huutazama wakadhani una rutuba. Lakini Pugu ndiko iliko kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na kaolini ni mfinyanzi maskini: uwezo wake wa kushika virutubisho ni mdogo sana ukilinganishwa na ule mweusi wa mbugani. Juu ya hayo, udongo wa aina hiyo mara nyingi huwa na tindikali, na ukiwa na chuma kingi huifunga fosforasi isinyonywe na mizizi. Kibaha chakula kinakimbia, Kisarawe kinafungiwa. Pande zote mbili kitu kinachokosekana ni kimoja, yaani mboji, kwa sababu mboji ndiyo inayoshika kile ambacho mchanga na kaolini haviwezi kukishika, na ndiyo inayopunguza makali ya ule ufungaji wa fosforasi.

Ndiyo maana wote wawili walianza na shimo, wala hawakuanza na duka la pembejeo. Shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu umewekwa kando, ule wa chini umetupwa au umetumika kwingine. Udongo wa juu ukachanganywa na samadi iliyoiva, karibu nusu kwa nusu, ukarudishwa shimoni na kumwagiliwa, ukaachwa utulie kabla ya mche kuingia.

Neno lenye uzito hapo ni "iliyoiva". Kibaha samadi ya kuku haina shida kupatikana. Mabanda ya kuku wa nyama na wa mayai yapo mitaa mingi. Lakini inatoka bandani ikiwa na maranda, na ikiwekwa mbichi inadhuru mara mbili. Kwanza amonia na chumvi zake huunguza mizizi. Pili, maranda ambayo hayajaoza huwafanya vijidudu vya udongo wachukue nitrojeni yote wao wenyewe ili wayavunje, na mwaridi unabaki ukisubiri. Mwalimu huyu huilundika kivulini, anailowesha, anaifunika kwa viroba, anaigeuza kila inapopoa. Kipimo chake cha kuiva: ukitia mkono katikati ya lundo husikii joto, na ukiinama kunusa macho hayawashi. Kinachobaki ni kitu cheusi, chepesi, kinachonuka udongo wa mvua ya kwanza.

Thamani yake inapimika. Samadi ya kuku iliyoiva na kukauka huwa na nitrojeni ya asilimia 2 hadi 3 hivi, maana yake kilo moja ina gramu 20 mpaka 30. Kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda ambacho kila mkulima wa mahindi anakijua, hubeba gramu 5 hivi za mbolea ya dukani. Kisoda cha urea, yenye nitrojeni ya asilimia 46, kina gramu 2.3. Kilo moja ya samadi ni sawa na visoda 10 vya urea, na haiachii vyote siku moja. Inaachia kwa miezi, kadiri vijidudu wanavyofanya kazi, na kwa joto la Pwani wanafanya kazi kweli kweli. Ndiyo maana mboji huku huisha haraka na inabidi irudishwe kila mwaka.

Mzee wa Kisarawe aliongeza kitu kimoja shimoni: mbolea ya Minjingu, ile inayotokana na mwamba wa fosfeti unaochimbwa Manyara. Alifanya vizuri. Mwamba ule huyeyuka polepole kwa kusaidiwa na tindikali ya udongo. Kwenye udongo usio na tindikali hukaa kama kokoto. Fosforasi haitembei, kwa hiyo mahali pake ni shimoni, karibu na mizizi, na si juu. Ninapotofautiana naye ni kwenye majivu, aliyoyamwaga siku ileile na shimo lilelile. Majivu hupunguza tindikali, na tindikali ndiyo iliyokuwa imeajiriwa kuyeyusha Minjingu. Tena yakikutana na samadi au CAN hufukuza amonia hewani, yaani unachoma fedha. Mwaridi unapenda pH ya 6 hadi 6.5. Kama udongo una tindikali kupita hapo, majivu au chokaa viwekwe kwa wakati wake, miezi kadhaa mbali na hizo nyingine, na ikiwezekana baada ya kupima udongo: TARI Mlingano kule Muheza na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ndizo taasisi zenye utaalamu huo.

Mti ukishashika, ndipo kisoda kinapoingia kazini. Mwaridi wetu hauna majira ya baridi ya kuusimamisha. Unachanua, unapumzika kidogo, unachipua tena, na kutoka kukatwa hadi kuchanua huchukua wiki 6 au 7. Mwalimu hulisha kwa kufuata mzunguko huo. Kalenda ya ukutani haiangalii. Maua yakiisha anakata. Kisha hafanyi lolote. Anasubiri vichipukizi vyekundu virefuke kama kidole, ndipo anaweka visoda viwili vya NPK 17-17-17 kuuzunguka mti, kwenye duara la ncha za matawi, mbali na shina. Nilimuuliza kwa nini asiweke siku ileile ya kukata, ili kazi iishe. "Mwanangu," akaniambia, "huu ni kama mzazi aliyetoka kujifungua. Humwekei sinia la pilau siku hiyo. Uji kwanza."

Hesabu inamuunga mkono. Visoda viwili ni gramu 10; kwa mizunguko 8 ya mwaka hazizidi gramu 80. Konzi moja kubwa inaweza kufika huko huko, na ndiyo ambayo wengi huitupa mara moja mwezi wa nne. Mfuko ni mmoja, gharama ni ileile, lakini ile ya Aprili mchanga hauwezi kuishika hata wiki mbili. Kwenye masika yenyewe mwalimu haweki mbolea ya dukani kabisa. Anarudishia samadi tu juu, kiasi cha vidole viwili kwa unene, na kufunika.

Kuna mambo mawili ya utaratibu ambayo hawa wawili hawayaachi. Mti humwagiliwa kabla ya kulishwa na baada ya kulishwa, kwa kuwa mbolea kwenye udongo mkavu huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuipa. Na chochote chenye urea hufukiwa, hata sentimita tatu tu, maana juu ya mchanga wa moto sehemu kubwa hupanda hewani ikiwa amonia.

Matandazo nayo ni sehemu ya ulishaji. Kibaha mwalimu hutumia nyasi kavu na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, baada ya kuyaloweka kwanza na kumwaga maji yake ili chumvi itoke. Huyaacha mbali na shina kwa upana wa kiganja, kwa kuhofia mchwa.

Majani ndiyo yanayosema kama chakula kimefika. Majani ya chini, makongwe, yakipauka yote kwa pamoja, hiyo ni nitrojeni: mti unawanyang'anya wazee kuwapa watoto. Makongwe yakiwa manjano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ni ya kijani, tafuta magneziamu, hasa kwenye mchanga. Kijiko kimoja cha salfeti ya magneziamu kwenye ndoo ya maji kinatosha kwa mti. Kingo zilizoungua ni potasiamu, au ni chumvi. Lakini ikiwa majani machanga, ya juu, ndiyo yenye manjano na mishipa ya kijani, hiyo ni chuma, na kuongeza NPK hakusaidii lolote. Mara nyingi ni majivu yaliyozidi au maji ya kisima yenye chumvi na chokaa. Mwenye kisima cha namna hiyo akinge maji ya mvua kwa ajili ya miwaridi, kwani ni miti inayochukia chumvi kuliko mingi ya bustanini.

Magonjwa nayapitia kwa haraka, isipokuwa moja. Madoa meusi ndiyo adui mkuu wa Pwani. Mbegu za kuvu yake zinahitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa saba mfululizo ndipo ziingie. Ukimwagilia majani jioni umezipa usiku kucha. Maji yawekwe asubuhi, chini, na majani yaliyodondoka yaokotwe na kuchomwa au kufukiwa mbali. Yakiachwa hapo ndiyo shamba la ugonjwa wa mvua ijayo. Januari na Februari, joto likiwa kavu, utitiri mwekundu hujificha chini ya majani, na hapo maji ya nguvu kuelekea upande wa chini wa jani ni dawa nzuri, mradi iwe asubuhi ili pakauke.

Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, ubwiri unga hutanda kwenye machipukizi. Hapa Kibaha na Kisarawe wana bahati: ni wilaya za korosho, na salfa ya unga inayopulizwa mikorosho dhidi ya ubwiri unga, majira yaleyale, hufaa pia kwa mwaridi na hupunguza utitiri. Ila ipulizwe asubuhi na mapema, siku isiyo na jua kali. Joto likipita nyuzi 32 hivi, salfa huunguza majani, na ukiinyunyiza Februari utaukausha mti wote. Vaa barakoa na ukinge macho vizuri.

Ukataji ndio badala ya baridi, ila si kwa kila aina ya mwaridi. Wale wenye jamaa Oman wanayajua mawaridi ya Jabal Akhdar, mlima wa mita 2,000 na zaidi, ambako maua ya kutengenezea marashi huvunwa majira ya machipuko tu kwa mwaka. Mti ule hungoja baridi ya mlima ndipo uchanue. Ukiuleta Kibaha utaota majani ungali unaingoja. Huku zinafaa aina zenye damu ya miwaridi ya China, ile iliyoingiza tabia ya kuchanua mfululizo katika bustani za Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, na yale mawaridi ya zamani ya uani yanayopandwa kwa vijiti. Aina za maua ya kukata, zilizozoea usiku wa baridi wa Naivasha karibu mita 1,900 juu ya bahari, huku hutoa ua dogo lililopauka. Ukinunua mche uliobebeshwa, angalia kila chipukizi linalotoka chini ya mahali kikonyo kilipounganishwa na uling'oe. Ukiliacha, shina la chini litakula chakula chote.

Mkato mkubwa wa mwaka, wa kuondoa kama theluthi ya mti, wote wawili huufanya Juni, masika yakishaisha. Naona wana haki. Ukikata sana Februari, machipukizi laini yanakutana na mvua za Machi na madoa meusi yanayamaliza. Ya Juni hukua kwenye hewa kavu na baridi kidogo, na maua ya Agosti ndiyo makubwa kuliko yote ya mwaka. Mikato mingine yote ni midogo: ua likinyauka, shuka hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano linaloelekea nje, kata juu yake kidogo, kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti.

Anayetaka maua ya Krismasi akate wiki ya kwanza ya Novemba. Vuli inakuwa imeshaanza, kwa hiyo afungue katikati ya mti kwa kuondoa matawi yanayokingamana, upepo upite na majani yakauke mapema, kisha asubiri vichipukizi vifike urefu wa kidole kabla ya kugusa mfuko wa mbolea.