Mrashi si Pambo la Ubeti

Ndugu msomaji, hebu fanya jaribio dogo. Chukua mashairi matano ya vijana wenzetu yanayohusu Pwani, au nyumba ya bibi, au hicho tunachokiita "mila zetu". Hesabu umekuta mrashi mara ngapi, chetezo mara ngapi, dele la kahawa mara ngapi. Kisha jiulize: katika yote hayo, ni wapi mtu ametia marashi ndani ya mrashi? Ni wapi mkono umeungua kwa mpini wa dele? Mimi nimefanya jaribio hilo, na jibu linanitia aibu. Vyombo vimekaa tu. Vinang'aa, basi.

Hoja yangu ni hii. Sisi waandishi vijana tumekuwa wakusanyaji wa vyombo vya kale, tena wakusanyaji wabaya. Mkusanyaji anayejua kazi yake atakuambia chombo kimetoka wapi, kimefuliwa kwa namna gani na kilitumika vipi. Sisi tunachukua mng'aro peke yake, tunaubandika kwenye ubeti, halafu tunaita hiyo taswira. Nasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza, kama itakavyoonekana huko mbele.

Tuanze na vyombo vyenyewe, maana ukihakiki usichokijua unapiga kelele tu. Mrashi una tumbo la mviringo, shingo ndefu nyembamba, na kichwa chenye matundu madogo. Unatiwa marashi ya mawaridi, unatikiswa, na mgeni ananyunyiziwa mikononi, kichwani, kwenye nguo. Upo wa fedha, upo wa shaba, upo wa shaba iliyopakwa fedha ambao ukizeeka unaanza kusema kweli kwenye kingo. Chetezo ni cha kufukizia udi au ubani. Dele ni la kahawa. Bilauri ni ya kioo, na za rangi zililetwa kutoka Ulaya kwa biashara ya karne ya 19. Vingi kati ya hivi vilikuja na jahazi za msimu kutoka Uhindi, Omani na Ghuba, na vingine vilifuliwa hapa hapa na masonara wa Unguja, Lamu na Mombasa. Na fedha ya masonara ilitoka wapi? Nyingi ilitoka kwenye riale za Maria Theresa, zile zenye tarehe ya 1780, zilizoyeyushwa zikawa vikuku na vyombo. Kwa hiyo lugha yetu haikukosea kutumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa. Mrashi ulikuwa akiba ya nyumba. Siku ya harusi ni heshima, siku ya njaa ni riale tena.

Watu wa zamani waliujua umbo wa maonyesho pia, tusidanganyane. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, yaani vishubaka vya chokaa ukutani, na humo zilipangwa bakuli na sahani za Kichina mgeni azione. Pale Kunduchi karibu na Dar es Salaam, na Mambrui kule karibu na Malindi, bakuli kama hizo zilipachikwa kwenye makaburi. Nyingi zimebanduliwa. Zimebaki tundu za mviringo kwenye chokaa. Mimi nikisoma shairi la "mrashi wa fedha unaong'aa" naziona tundu zile. Mwandishi amebandua bakuli na kuondoka nalo, na kaburi la nani, wala hajali.

Sasa tumtazame mtu aliyeifanya kazi hii vizuri. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo By the Sea ilitoka mwaka 2001, miaka 20 kabla mwandishi huyu mzaliwa wa Zanzibar kupewa Tuzo ya Nobel. Wengi wetu tumemjua kwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, na tumeishia hapo. Ni hasara, kwa sababu By the Sea ndiyo riwaya ya vitu. Saleh Omar alirithi duka la halua kwa baba yake akaligeuza duka la samani na vitu vya kale. Anawauzia Wazungu. Anajua kuchagua, anajua kusafisha, anajua bei. Uzeeni anakimbilia Uingereza na kisanduku kimoja cha udi. Uwanja wa ndege wa Gatwick, afisa wa uhamiaji anakifungua, ananusa, anauliza, na mwisho anakichukua.

Tazama fani ilivyobeba maudhui hapo. Udi ule haukuwekwa ili tuseme "ah, Zanzibar!" Mwandishi anatupa nasaba yake: ulitoka kwa mfanyabiashara Hussein, mtu wa Ghuba aliyekuja na msimu, na huyo Hussein ndiye aliyeleta mkopo, na mkopo ukaleta rehani ya nyumba, na rehani ikavunja familia mbili. Ukivuta harufu ya udi unavuta deni. Kisha kuna meza ndogo ya mpingo. Hussein aliinunua dukani kwa Saleh Omar akampa zawadi kijana wa nyumba ile. Nyumba ilipochukuliwa pamoja na vyombo vyake, meza ikarudi dukani. Latif, mdogo wake yule kijana, anatumwa na mama yake kwenda kuiomba. Anarudi mikono mitupu. Miaka mingi baadaye, wote wawili wakiwa Uingereza, bado meza iko kati yao. Hicho ndicho kitu ndani ya fasihi: kina mwenyewe, kina bei, kina mtu aliyekikosa.

Nina lawama moja kwa riwaya hiyo, na siifichi. Saleh Omar anaeleza vizuri mno. Sauti yake ni ya muuzaji anayejua thamani, na aliyenyang'anywa anapata nafasi ya kujibu kwa sababu naye amesoma na ni mtunzi wa mashairi. Mama aliyemtuma mtoto, je? Tunamsikia kupitia wanaume wawili wanaohesabiana makosa. Lakini angalau alitajwa. Sisi hata kumtaja hatumtaji.

Wapo watakaoniuliza: wewe Msambaa wa Mtae, mirashi na madele yanakuhusu nini? Nyie si watu wa vyungu? Ndiyo, ni watu wa vyungu, na siku nyingine nitaandika juu ya vyungu. Lakini milima hii haikuwahi kuwa kisiwa. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini kabisa kwenye njia ya misafara, ili mali ya Pwani impitie yeye. Habari za Wakilindi, kitabu chetu kikubwa cha historia ya watawala wa Usambara, kiliandikwa kwa Kiswahili na mtu wa Pwani, Abdallah bin Hemedi. Baadaye mashamba ya mkonge yakawavuta vijana wa milimani kwenda Korogwe, Muheza na Tanga, na waliporudi hawakurudi na homa peke yake.

Babu yangu alirudi na mrashi. Wa shaba, uliopakwa fedha, shingo imepinda kidogo. Bibi aliufunga katika kanga na kuuweka kwenye sanduku la bati. Ulitoka siku za maulidi, siku za harusi, siku za msiba. Majirani Walutheri waliuazima wakiozesha, kwa sababu mgeni ni mgeni, na mawaridi hayaulizi dini. Ukirudi, bibi alikuwa anautikisa sikioni asikie kama wamebakiza tone. "Walimaliza," anasema, anacheka.

Halafu akaja mnunuzi. Alipanda basi toka Lushoto, akapita Lukozi, akapita Sunga, na pale Mtae njia ikaisha, maana mbele yake ni genge na tambarare ya Mkomazi. Alikuwa na adabu. Alimwamkia bibi kwa Kisambaa, "onga makeo", akakubali chai. Aliuliza vyombo vya zamani, "hata kama vimechakaa, bibi". Baba mdogo akautoa mrashi. Bei sitaitaja, maana kila nikiitaja mtu ananiambia tuliibiwa, na mwingine ananiambia tulipata. Ninachojua ni kwamba mwezi ule nilikwenda bweni kidato cha tano nikiwa na godoro, ndoo, nauli na karo. Sikuuliza zimetoka wapi. Bibi hakusema neno.

Sheria haikuvunjwa, kama unawaza hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa masalio vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na inailinda milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Mrashi wa babu haukufika huko. Kwa sheria ulikuwa chombo cha nyumbani tu, kama sufuria.

Bibi alipofariki, wanawake waliomwosha waliomba mrashi. Kimya. Mmoja akatoka nje, akarudi na chupa ya soda ya plastiki, akatoboa kizibo kwa msumari, matundu manne au matano. Wakatia marashi. Bibi alinyunyiziwa sanda yake kwa chupa ile, na sisi tuliokuja kuzika tukanyunyiziwa kwa chupa ile. Harufu ilikuwa ile ile.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka uliofuata niliandika shairi nikaliita "Mrashi wa Bibi". Vina na mizani vilitimia, urari wenyewe si mchezo. Ndani yake mrashi ni wa fedha tupu, shingo imenyooka kama ya korongo, na uko sandukuni unamngoja mjukuu. Walimu walilisifu. Wenzangu wakalisoma kwa sauti jukwaani. Lilikuwa uongo toka ubeti wa kwanza. Mnunuzi hayumo. Godoro halimo. Baba mdogo hayumo. Na chupa ya soda, kitu pekee katika habari nzima ambacho hakuna mtu mwingine angeweza kukiandika, niliiacha nje kwa sababu niliona haina ushairi!

Jamani, hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Tunadhani ushairi umo ndani ya fedha, kioo na shaba. Kumbe umo katika kutia na kumimina, kuazima na kurudisha, kuuza na kukosa. Lugha yenyewe inatufundisha. Chombo kwa Kiswahili ni cha kutumia: sufuria ni chombo, jembe ni chombo cha kazi, jahazi ni chombo cha safari. Kisichobeba kitu hakistahili jina hilo.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba mshairi ana haki ya kupamba, na kwamba kukumbuka uzuri uliopotea ni kazi halali. Sikatai. Mnunuzi yule naye simlaani, huenda mrashi wetu uko mahali unasuguliwa kila Ijumaa kuliko tulivyousugua sisi. Ila mnunuzi alilipa. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai, akatazamana na bibi machoni, akatoa fedha. Mshairi anayechukua mrashi bila kumtazama mwenye nao amelipa nini?

Wengine watasema namtaka kila mtu aandike umaskini. Hapana. Andika harusi, andika mrashi wa fedha kamili kama upo na umeushika. Ila uutie marashi. Utuambie nani aliusugua kwa majivu na ndimu, nani aliuazima, nani alizuiwa kuugusa. Ukishindwa kujibu hayo, uache sandukuni mwake.

Shairi langu la zamani nimelifuta kwenye daftari. La pili limenishinda mpaka leo, kwa sababu kila nikianza na chupa ya soda naona haya mbele ya baba mdogo, ambaye yu hai na anasoma. Wiki iliyopita nilimwuliza kama ataniruhusu. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza: "Na godoro utaliandika?" Nikamwambia nitaliandika. "Basi," akasema, "anza na hilo."