Wazimu wa Mwana wa Mfalme na Wazimu wa Binti wa Waziri

Tamthilia za Shakespeare si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na S. S. Mushi akatupatia Makbeth mwaka 1968. Hamlet, kwa upande wake, wengi wetu tuliisoma darasani kwa Kiingereza, tukatoka na fundisho moja lililokaa kichwani kuliko mengine yote: kwamba mwanamke ni kiumbe dhaifu, mwepesi wa kusahau na mwepesi wa kuhadaa. Ni kweli kwamba jambo hilo linasemwa katika tamthilia. Lakini anayelisema ni Hamlet, kijana mwenye hasira kwa sababu mama yake ameolewa upesi na shemeji yake. Kulichukua neno la mhusika mmoja, tena mwana wa mfalme, na kulifanya kuwa hukumu ya tanzia nzima ni kosa la uhakiki. Nalo si kosa la bahati mbaya, maana kila mfumo unaomkandamiza mwanamke hufurahi kupata shahidi mwenye jina kubwa.

Tunakusudia kuonyesha kwamba tamthilia yenyewe, iliyoandikwa karibu na mwaka 1600, inatoa ushahidi ulio kinyume kabisa. Katika ngome ya Elsinore udanganyifu ni kazi ya wanaume wenye madaraka. Claudius amemwua ndugu yake kwa sumu, kisha akautangazia umma kwamba marehemu aliumwa na nyoka. Polonius, waziri wake, anamtuma mtumishi hadi Paris akamchunguze mwanawe mwenyewe, na anamfundisha namna ya kumsingizia uovu kidogo ili apate kuujua ukweli. Rosencrantz na Guildenstern, marafiki wa utotoni, wanaitwa wawe makachero. Hamlet naye anawaambia wenzake mapema kabisa kwamba huenda akajifanya kichaa. Kwa hiyo wazimu wake ni silaha: anauvaa mbele ya maadui, anauvua mbele ya Horatio.

Sasa tumtazame Ophelia. Baba yake anamwamuru akatae barua za Hamlet, naye anakataa. Baadaye baba huyo huyo anamweka njiani kama chambo, akiwa na kitabu mkononi, huku yeye na mfalme wamejificha kusikiliza. Hamlet anamwuliza baba yake yuko wapi. Ophelia anajibu kwamba yuko nyumbani. Huo ndio uwongo wake wa wazi katika tamthilia yote, na hata huo si wake: ni uwongo wa kazi aliyopewa. Anatukanwa, anafukuzwa aende kwenye nyumba ya watawa, na wakubwa wanapotoka mafichoni Polonius anamwambia hana haja ya kueleza lolote kwani wamesikia yote. Kisha wanaume wawili wanaendelea na mazungumzo yao ya dola, naye amesimama pale pale. Hakuna anayemwuliza ameumia kiasi gani.

Si lazima ingekuwa hivyo. Hadithi hii ni ya kale; Saxo Grammaticus wa Denmark aliiandika karibu na mwaka 1200. Katika masimulizi yake pia mwanamke anatumwa kumtega Amleth anayejifanya mpumbavu, lakini mwanamke huyo amekua pamoja naye, naye anakubali kuitunza siri yake. Yaani anao uamuzi. Shakespeare amemnyang'anya Ophelia uamuzi huo. Wako watakaomlaumu kwa hilo. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo alipoichora jamii yake kwa ukweli zaidi, jamii ambayo hata jukwaani haikumpa mwanamke nafasi: katika majumba ya maonyesho ya Uingereza wavulana ndio walioigiza wanawake mpaka mwaka 1660.

Malkia Gertrude amehukumiwa vikali zaidi. Husemwa kwamba alishiriki katika mauaji, au angalau aliyajua. Matini ya 1604 na ile ya 1623 hazisemi hivyo, na katika chapa ya kwanza ya 1603 malkia anaapa waziwazi kwamba hakujua. Kinachosemwa, tena na Claudius mwenyewe katika hotuba yake ya kwanza, ni kwamba malkia ni mshirika katika milki ya dola. Ndoa ile, basi, ilikuwa njia ya kukalia kiti, na wanaoieleza kwa tamaa ya mwanamke peke yake wanamsaidia mnyang'anyi kufuta nyayo zake. Udanganyifu wa Gertrude tunaoushuhudia ni kumwambia mfalme kwamba Hamlet ni kichaa kweli, baada ya kumwahidi mwanawe kwamba hatatoa siri.

Wasomaji wa Makbeth watatukumbusha habari za mke wa Makbeth, aliyepanga mauaji na mumewe. Ni kweli, yeye si Ophelia. Hata hivyo angalia mgawanyo: mume anaona mizuka mbele ya wageni na anabaki mfalme, anaendelea kuua, mke anayetembea usingizini akijipangusa damu isiyokuwapo anaachwa na daktari na mtumishi, kisha anakufa nje ya jukwaa.

Turudi Elsinore, kwenye tendo la nne, ambalo kwa maoni yetu limepuuzwa mno na wahakiki. Hamlet amemwua Polonius. Maiti imezikwa haraka na kwa siri, na mfalme mwenyewe anakiri baadaye kwamba kufanya hivyo ilikuwa upumbavu, maana wananchi wananong'ona. Ndipo Ophelia anapoingia, akili zimemtoka, anaimba. Anaimba juu ya mzee aliyekufa na juu ya msichana aliyedanganywa na kijana, nyimbo za watu wa kawaida ambazo binti wa waziri hakupaswa kuzitamka. Hapa anasema bila kuamriwa na mtu. Na jambo linaloihangaisha ikulu ni siasa: malkia anashauriwa aonane naye kwa sababu maneno yake yaliyovunjika yanawafanya wasikilizaji wayaunganishe wenyewe na kuanza kushuku. Mfalme anaamuru afuatwe na aangaliwe kwa makini. Mwenye akili timamu hakuchungwa hivi, kwa kuwa alichungwa na utii wake.

Papo hapo milango inavunjwa. Laertes, kaka yake, amefika na umati unaopiga kelele kwamba yeye ndiye awe mfalme. Hii ndiyo mara pekee sauti ya umma inasikika mlangoni mwa Claudius, na mwandishi ameiweka ndani ya onyesho lile lile la wazimu wa Ophelia. Lakini Laertes anawaambia wafuasi wake wabaki nje. Ophelia anarudi, anagawa maua na majani, kila moja na maana yake; kaka anasema dada yake angekuwa na akili na kumhimiza kulipiza kisasi, asingemchoma moyo kiasi hiki. Claudius anaukamata uchungu huo kama fundi akamatavyo chombo. Kabla tendo halijaisha, uasi wa umma umegeuzwa kuwa njama ya watu wawili, upanga umeandaliwa sumu, na malkia analeta habari kwamba Ophelia amezama.

Wako ndugu watakaosema: huyu ni binti wa tabaka la watawala, kwa nini tumlilie? Swali hilo wachimba kaburi wamelitangulia. Mmoja anasema wazi kwamba kama marehemu asingekuwa mtoto wa wakubwa asingezikwa kwa taratibu za Kikristo, naye mwenzake anaongeza kwamba wakubwa wana ruhusa ya kujizamisha kuliko wenzao. Hapo wavujajasho wawili wanaujua ukabaila kuliko kasisi, anayenung'unika tu kwamba amri kutoka juu imeishinda kanuni. Wana haki. Lakini upendeleo huo umemfikia Ophelia akiwa maiti. Alipokuwa hai alikula katika meza ya tabaka hilo bila kumiliki chochote mezani, hata barua zake, ambazo baba alimsomea mfalme. Na kaburini penyewe Laertes na Hamlet wanakabana koo wakishindana ni nani aliyempenda zaidi.

Kabla ya pambano la mwisho Hamlet anamwomba Laertes msamaha. Aliyekukosea, anasema, si Hamlet, bali ni wazimu wake. Wazimu ule ule aliouvaa kwa hiari sasa unambebea lawama ya kumwua Polonius. Laertes, sumu ikiwa tayari mwilini, anasameheana naye, na anawataja wafu ambao damu yao haitamwangukia Hamlet: yeye mwenyewe na baba yake. Dada yake hamtaji.