Tulifunga mlango, tukasahau panga: naukosoa mwongozo wa OMS kwa nyumba za wazee



Leo siandiki juu ya mihogo wala mbolea. Nataka kukosoa karatasi moja. Na kwa kuwa ni karatasi yenye mimi mwenyewe nilisaidia kuibandika ukutani, ukosoaji huu unaanza na mimi. Musinihurumie.

Karatasi hiyo ni mwongozo wenye OMS ilitoa tarehe 21/3/2020, wa kuzuia Covid-19 isiingie katika nyumba zenye wazee wanatunziwa. Mukumbuke zile siku. Tarehe 18/3 Rais Tshisekedi alikuwa amefunga masomo na makanisa, na kukataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24/3 akatangaza hali ya dharura. Mpaka wetu na Rwanda ulifungwa, na wamama wenye walikuwa wanavuka Ruzizi kila asubuhi na mabeseni yao wakabakia nyumbani.

Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa lisansi, fakilte imefungwa, sina kazi. Vijana wachache tulikuwa tunasaidia nyumba moja ya wazee hapa mjini. Tulibeba bidoni za maji wakati bomba limekauka, tukalima kabustani ka lengalenga nyuma ya jikoni. Rafiki yetu mmoja wa udaktari akapata ule mwongozo kwenye simu, kwa Kifaransa. Mama msimamizi akatuambia: "Ninyi njo wasomi. Mutuandikie mu Swahili, tena fupi, kila mutu asome." Tukaandika mistari minane na marka nyekundu. Mstari wa kwanza ulisema: HAKUNA MUGENI KUINGIA.

Kwanza niseme mazuri yake, juu kukosoa si kutukana. Mwongozo ule unataka kila nyumba iwe na mtu mmoja mwenye kubeba jukumu la kuzuia maambukizi, mwenye kujulikana. Hiyo ni akili. Kazi ya watu wote ni kazi ya hakuna mtu. Unataka kila mzee aangaliwe mara mbili kwa siku: ana homa? anakohoa? anapumua vizuri? Unasema mikono ioshwe, watu waachane mita moja, mgonjwa awe na chumba chake, mfanyakazi mwenye homa abakie kwake. Hakuna neno la uongo hapo. Mwezi wa tatu 2020, dunia nzima imechanganyikiwa, kupata karatasi yenye inasema "anzeni hapa" lilikuwa jambo kubwa.

Shida yangu ni nyingine. Mwongozo ule unaona nyumba yenye stoki ya chakula, mishahara ya kila mwezi, vyumba vya mtu mmoja mmoja, maji kwenye robine. Katika nyumba ya namna hiyo, mgeni ni mtu wa kuja kusalimia. Ukimzuia, mzee anahuzunika, lakini sahani yake inajaa. Kwetu mgeni njo sahani yenyewe. Ni mama wa parokia mwenye kuleta maharagi siku ya Mungu. Ni kijana mwenye kubeba maji, ni mjukuu wa jirani mwenye kufua mashuka. Ukiandika "hakuna mgeni", umepunguza virusi mlangoni, ndiyo, lakini umepunguza pia bugali, sabuni na nusu ya mikono ya kazi. Tena ilikuwa wakati makanisa yamefungwa na biashara ya mpakani imekufa, maana yake wenye walikuwa wanatoa nao hawakuwa na kitu. Ule mstari wetu mwekundu uliongeza njaa juu ya njaa.

Sasa nifike penye panauma. Nilirudi kuusoma ule mwongozo miaka baadaye, polepole, mzima. Nikakuta haukufunga mlango wote. Uliacha mlango mdogo: mgeni anaweza kuruhusiwa kwa sababu ya huruma, mmoja mmoja, kwa mfano kama mzee yuko karibu kufa. Sisi katika mistari yetu minane tuliukata. Tuliona ni maneno mingi. Tulitaka kuonekana wakali, na ukali unaandikika haraka.

Palikuwa mzee mmoja pale, zamani alikuwa fundi wa cherehani. Hana mtoto mwenye kubaki. Kila siku ya Mungu mama mmoja alikuwa anamletea sambaza za kukaanga, anamkata kucha, wanaongea Mashi kidogo, anaenda. Si ndugu yake. Kisha ule mstari. Yule mama alikuja mara mbili, akasimama kwenye mlango, akaacha kapakiti, akarudi. Mara ya tatu hakuja. Mzee akaanza kuacha chakula. Alikufa mwezi wa sita. Hakuna mwenye alimpima, kwa hiyo sitasema ni Covid na sitasema si Covid. Najua tu kwamba wiki zake za mwisho hakuona uso wenye alikuwa anangojea, na mwandiko kwenye ile karatasi ni wangu.

Mutaniuliza: ungeacha watu waingie ovyo? Hapana. Swali langu ni moja: je, tulifunga penye ugonjwa ulikuwa unapitia? Hapa niongee kama mtu wa agronomia.

Munajua mnyauko wa ndizi, ule wenye majirani wa Rwanda wanaita kirabiranya. Bakteria yake inaweza kuletwa na nyuki na wadudu wengine kwenye ua la dume, lakini njia kubwa ya kuhamisha ugonjwa kutoka shamba hadi shamba ni panga. Mtu anakata majani kwenye ndizi yenye inaonekana nzima, kumbe iko na ugonjwa ndani, kisha na panga lile lile anaenda kwa jirani. Mwenye shamba anaweza kuzungusha ua wa miti, akafukuza mbuzi na watoto wote, na bado shamba linakauka, juu panga la kibarua liliingia asubuhi, na yeye mwenyewe njo alilifungulia.

Katika nyumba za wazee, panga ni mfanyakazi. Simtukani, mimi mwenyewe ni mtoto wa kibarua. Nasema vile ugonjwa unatembea. Mwezi wa pili na wa tatu 2020, huko Kirkland karibu na Seattle, Marekani, ugonjwa uliingia katika nyumba moja ya wazee na kusambaa hadi nyumba nyingine. Wachunguzi wakaona kati ya sababu zake: wafanyakazi walifanya kazi wakiwa wagonjwa, na wengine walikuwa wanafanya kazi katika nyumba zaidi ya moja. Katika nyumba moja ya eneo hilo walipima wazee 76. Wenye virusi walikuwa 23, na kati yao 13 hawakuwa na dalili siku ile ya kupimwa. Wengi wao walianza kuugua siku chache baadaye. Ni ile ndizi ya kijani yenye bakteria ndani. Kuuliza "una homa?" mara mbili kwa siku kunasaidia, lakini hakuoni hao 13.

Kwetu je? Mama mwenye alikuwa anaogesha wazee asubuhi, mchana alikuwa anauza makala kwenye avenyu, jioni anamtunza mgonjwa kwa familia moja ya Nguba. Alikuwa na kashene moja ya kitambaa, anaifua usiku. Nilipomsomea mstari wa "mwenye homa abakie kwake", alicheka, akasema: "Mutoto wangu, ile karatasi iko muzuri. Lakini nikibakia, watoto watakula karatasi?" Sikuwa na jibu. Na tumkubali, swali lake lilikuwa la kisayansi kabisa. Mtu mwenye analipwa kwa siku ataficha homa. Si kwa ubaya. Ataificha juu njaa ina uhakika kuliko virusi.

Musidhani ni umasikini wetu peke yake. Canada ni nchi tajiri, lakini katika wimbi la kwanza zaidi ya 80 kwa 100 ya vifo vyake vya Covid vilikuwa vya wazee wa nyumba hizo, mpaka jeshi likatumwa kusaidia Quebec na Ontario. Uingereza ilitoa wazee hospitalini na kuwapeleka katika nyumba za kutunziwa bila kuwapima, na tarehe 27/4/2022 mahakama kuu ikasema siasa ile ilivunja sheria, juu haikufikiria hatari ya wenye virusi bila dalili. Lakini hapo hapo Canada, jimbo la British Columbia, mwezi wa tatu 2020, liliamua mfanyakazi abakie katika nyumba moja tu, na serikali ikaongeza mshahara ili asipoteze. Hao walielewa panga. Hawakumwambia tu "usitembee". Walimlipa ili aweze kutulia.

OMS nayo ilifika huko. Tarehe 24/7/2020 ilitoa andiko lingine, lenye malengo 11, na safari hii lilikuwa linaongea na serikali: pesa, wafanyakazi wa kutosha, msaada kwa familia zenye kutunza. Ni andiko zuri kuliko la kwanza. Lakini lilikuja miezi minne baadaye, na kwenye ukuta wetu halikufika. Mwongozo wa kuamuru nyumba ulitembea haraka. Ule wa kudai serikali ilipe ulitembea kwa miguu. Huo njo ukosoaji wangu mkubwa: mzigo wote uliwekwa kwanza kwa mama msimamizi, mwenye hana bajeti, na wenye bajeti wakaandikiwa mwisho.

Kuna mwenye atasema: "Lakini Bukavu nyumba za wazee ni za kuhesabu kwa vidole, wazee wetu tunaishi nao." Kweli. Wacongomani wenye kupita miaka 65 ni kama 3 kwa 100 tu, na wengi wako katika familia. Lakini nani anafika katika zile nyumba? Mwenye vita ilimalizia watoto. Mwenye alikimbia kijiji. Bibi mwenye alisingiziwa uchawi. Ni wale wenye hawana mtu wa kuwapigia kelele. Kama mwongozo haufai kwao, haufai.

Na turudi shambani mara ya mwisho. Zamani, dhidi ya mnyauko, tuliwaambia wakulima: ng'oeni shina lote na watoto wake. Kisayansi ilikuwa sawa. Wakulima wakakataa, juu ni kazi ya kuvunja mgongo, na lile shina njo lilikuwa linawalisha. Kisha watafiti, hata hapa Kivu ya Kusini, wakaonyesha kwamba bakteria haifikii kila mche wa shina kwa mara moja. Basi kata ule wenye kuugua tu, chini kabisa, mara moja ukiuona, na uchome panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Rudia kila wiki. Kazi ikawa ndogo, ndizi zikabaki, wakulima wakakubali. Mkulima hakuwa mjinga. Alikuwa anangojea shauri lenye anaweza kulibeba.

Kama ningeandika ile karatasi tena, ingekuwa na mistari minne. Moja: kabla ya kufunga mlango, hesabu chakula, sabuni na maji ya wiki tatu, kama havipo, tafuta kwanza. Mbili: mfanyakazi wa nyumba hii hafanyi kazi kwingine, na akiugua analipwa siku zake. Tatu: kila mzee achague mtu mmoja wa kumuona, dirishani au uwanjani, na kashene, na saa yake ijulikane. Nne: mwenye anakufa asife peke yake.

Mstari wa pili unaomba pesa, najua. Sisi wa shirika hili tunachanga kwa ndoa, kwa matanga, kwa sherehe za diploma. Mishahara ya wamama watatu kwa wiki tatu haituzidi. Na si maneno ya kale: tarehe 14/8/2024 OMS ilitangaza tena dharura ya dunia, safari hii kwa mpox, na aina yake mpya ilionekana kwanza Kamituga, hapa hapa mkoani kwetu. Nyingine itakuja. Siku hiyo watatuita tena, "ninyi njo wasomi, mutuandikie". Tusikimbilie marka nyekundu. Tuulize kwanza nani analeta maharagi, na panga linatoka wapi.

Yule mama wa sambaza bado anaishi hapa. Nilikutana naye Nyawera mwaka jana, akaniuliza kama nilimaliza masomo. Nilimwambia ndiyo. Ule mstari sikumwambia nani aliuandika. Ninaandika hapa kwanza, kisha nitaenda kwake.