Adamu Alikuwa Wapi?

Kwenye harusi ya dada yangu mhubiri alimwonya bibi harusi asije akawa Hawa. Bwana harusi hakuonywa lolote. Watu walicheka, mama akainamisha kichwa. Miaka tisa iliyopita baba aliuza shamba letu, fedha zikapotelea kwenye biashara, na tangu hapo ukoo mzima unasema mama ndiye aliyemshauri. Sahihi kwenye hati ni ya baba.

Niliporudi chuoni nilifungua Mwanzo sura ya 3 na kuisoma kama tunavyosoma hadithi yoyote darasani: nani anasema, nani yupo, nani kanyamaza. Biblia ya Muungano ya 1952, ambayo wengi wetu tumekulia, inasema mwanamke alikula, akampa mumewe, basi. Ukiishia hapo unamwona Hawa akizunguka bustani, tunda mkononi, akimtafuta mume asiye na habari. Kiebrania kina neno moja zaidi, imma, yaani pamoja naye. Adamu alikuwa pale pale. Hata Jerome hakuliweka katika Kilatini chake, na tafsiri hiyo ilitawala Ulaya Magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Baadhi ya tafsiri mpya za Kiswahili zimelirudisha.

Hata bila neno hilo, sarufi yetu inamfichua. Nyoka hasemi "hutakufa", anasema "hamtakufa". Msomaji wa Kiingereza cha leo haioni tofauti hiyo, maana kwake umoja na wingi ni neno lile lile. Sisi tunaisikia. Nyoka anamsemesha mmoja huku akihesabu wawili. Katazo lenyewe, katika sura ya 2, liko katika umoja: "usile". Tena lilitolewa kabla mwanamke hajaumbwa. Aliyelisikia mwanzoni ni Adamu peke yake.

Wapo wanaosema neno imma linamweka Adamu kwenye kula tu, si kwenye mazungumzo. Huenda. Wala simwondolei Hawa kosa: alikula, na alipoulizwa akakiri. Adamu naye alikiri, ila alianza na mwanamke, na Mungu aliyempa mwanamke huyo. Kinachonikera ni jinsi tunavyochagua. Katika Warumi 5, dhambi inaingia kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni Adamu. Katika 1 Timotheo 2, aliyedanganywa ni mwanamke. Harusi zote nilizohudhuria zimesoma ya pili. (Kurani, kwa majirani zetu Waislamu, inasema wote wawili walikula, na haimtangulizi mke.)

Jumapili nilimpigia mama nikamsimulia haya yote, pamoja na Kiebrania changu cha kubabaisha.

"Kwa hiyo alikuwepo?" akauliza.

"Alikuwepo, mama."

Akanyamaza kidogo. "Na baba yako umemweleza?"

Sijamweleza.